Picha ikikwama, msikimbilie bando

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala ya ukurasa wenu wa teknolojia, ile iliyowaambia wasomaji kwamba video ikikwamakwama kwenye televisheni ya nyumbani dawa yake ni kuongeza kasi ya intaneti, na ikishindikana kununua televisheni nyingine. Mimi ni fundi wa televisheni na ving'amuzi hapa Ngamiani, Tanga. Nilianza na televisheni za chogo, siku hizi meza yangu imejaa maboksi ya Android, yale ya kuchezea video kwenye televisheni. Makala ile imenigusa kwa sababu watu wanaifuata. Wanapandisha kifurushi, wananunua ruta, wengine wanauza televisheni nzima kwa bei ya hasara, na picha inaendelea kukwama vile vile.

Nitatoa mfano ambao intaneti haimo kabisa.

Kuna mwalimu mstaafu, mama wa makamo ya bibi yangu mdogo, aliyeniita nyumbani kwake kwa ajili ya video ya harusi ya mjukuu wake. Video iko kwenye flashi, flashi imechomekwa kwenye boksi, boksi limeunganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI. Ruta hakuna. Baada ya kuitikia shikamoo yangu hakupoteza muda: "Fundi, tazama mwenyewe. Bi harusi akikaa hana neno. Akianza kutembea anatetemeka. Na mimi harusini nilikuwepo, hakutetemeka."

Kijana mmoja wa duka la vifaa alikuwa ameshamwambia aongeze bando. Bando la nini, ikiwa harusi nzima imo ndani ya flashi?

Nikatazama. Kweli, kila kamera ilipozunguka taratibu kutoka meza kuu kwenda kwa wageni, ukumbi ulikuwa unajongea kwa vishindo vidogo vidogo vya haraka. Sauti ya taarabu haikukatika hata mara moja. Nikachomoa flashi kwenye boksi, nikaichomeka kwenye tundu la USB la televisheni yenyewe, nikacheza kipande kile kile. Bi harusi akatembea vizuri. Kwa hiyo flashi nzima, faili zima, televisheni nzima. Aliyebaki ni boksi.

Huwa natembea na kompyuta yangu ya mkononi, ya zamani lakini ina VLC, programu ya kuchezea video. Ukifungua video humo kisha ukabonyeza Ctrl na J, inakuonyesha imerekodiwa vipi. Ya mwalimu ilikuwa H.264 (hiyo ni namna ya kubana video), upana 1920 kwa kimo 1080, picha 25 kwa sekunde. Nikaingia kwenye mipangilio ya boksi, sehemu ya onyesho, nikakuta limewekwa 1080p, hezi 60, yaani kioo kijichore mara 60 kila sekunde. Ugonjwa wenyewe ni huo.

Hesabu yake haihitaji chuo. Kamera ilichukua picha 25 kila sekunde. Boksi linaipelekea televisheni picha 60 kila sekunde kwa sababu ndivyo lilivyotoka kiwandani. 60 ukigawa kwa 25 unapata 2.4, na hakuna namna ya kuonyesha picha mara mbili na nukta nne. Basi boksi linajipangia: picha ya kwanza mara 2, ya pili mara 2, ya tatu mara 3, ya nne mara 2, ya tano mara 3, halafu linaanza upya. Picha 5 zimejaza nafasi 12 na hesabu imetimia, ila nyingine zimekaa kiooni milisekunde 33 na nyingine 50. Mtu akiwa ameketi huoni kitu. Akitembea, jicho linashtuka kama mguu unavyoshtuka gizani kwenye ngazi zisizolingana kimo.

Nikatoa 60, nikaweka 50. Kila picha sasa inaonyeshwa mara 2 kamili, hakuna iliyopendelewa. Bi harusi akapita mbele ya wageni kama alivyopita siku yenyewe. Mwalimu akaniuliza kama ndiyo hiyo tu anayonilipa. Nikamwambia ndiyo, pamoja na nauli.

Namba hizi 25 na 50 zina asili yake. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, tumerithi kwa Mwingereza. Marekani ni hezi 60. Televisheni za mwanzo zilikwenda na mapigo ya umeme wa nchi husika, ndiyo maana nchi zilizofuata mfumo wa PAL zikawa na picha 25 kwa sekunde na Marekani ikawa na karibu 30. Zanzibar ilipoanza kurusha televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, sisi wa Bara tukiwa hatuna hata ya nyeusi na nyeupe, ilikuwa kwa PAL. Tulipozima analojia kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ilibadilika lakini 25 na 50 zikabaki. Na mpiga video wa harusi anazihitaji hata leo: taa za ukumbini zinapepesa kwa mapigo ya umeme, kamera ikiwekwa 60 chini ya baadhi ya taa hizo ukuta mzima unacheza mistari. Kwa hiyo nisieleweke kuwa nawaambia wapiga video wahamie 60. Wako sawa.

Boksi la Android lina asili nyingine. Android ilikulia kwenye simu, na kioo cha simu kwa miaka mingi kimekuwa kikijichora mara 60 kwa sekunde. Menyu, vikaragosi, michezo, vyote vimepimwa kwa 60. Mtengenezaji analiweka 60 na kulifunga kwenye katoni, na wa dukani analiuza lilivyo. Mnunuzi analichomeka kwenye televisheni ambayo ingepokea 50 bila kinyongo, na hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyeulizwa atatazama nini.

Mpira ndio unaoumiza zaidi, na nashangaa makala yenu haikuutaja. Mechi nyingi za Ulaya na za kwetu hurushwa kwa mwendo wa 50 kwa sekunde. Boksi la hezi 60 likipokea 50 linalazimika kurudia picha moja katika kila tano, yaani mikwaruzo 10 ndani ya sekunde moja. Kipa akipiga mpira mrefu, usitazame kipa, tazama mpira wenyewe ukiwa hewani. Utauona unakwenda kwa kusitasita. Wako wanaotazama Coastal Union kwa programu ya kwenye boksi wakalalamika kwamba timu inarukaruka. Wapinzani watasema Coastal imekuwa ikirukaruka tangu ubingwa wa 1988, lakini hilo halimhusu fundi.

Sasa msomaji asikimbilie kuweka 50 akadhani kamaliza. Mwalimu yule yule ana mtoto Muscat anayemtumia video za wajukuu zilizopigwa kwa simu, na simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. 30 ndani ya 60 inaingia kamili. Ndani ya 50 haiingii. Tulipoweka 50 harusi ikatulia, wajukuu wakaanza kutetemeka. Filamu za sinema nazo zina namba yao, 24, tangu sinema zilipoanza kuwa na sauti mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwenye hezi 60 filamu ya 24 huonyeshwa kwa zamu ya mara 3 na mara 2, ndiyo maana jengo refu likipitishwa taratibu mbele ya kamera linatikisika. Kwenye 50 kila picha mara 2 inakupa 48, zinabaki nafasi 2 za kujaza, unapata kikwazo mara mbili kila sekunde. Au kichezeshi, yaani programu inayoicheza video, kinaamua kuiharakisha filamu iende 25: mwendo unakuwa mzuri, sauti za watu zinapanda kidogo, na filamu ya saa 2 inaisha karibu dakika 5 kabla ya wakati wake.

Suluhisho ni boksi kubadilisha hezi lenyewe kufuata video. Maboksi mengi yanaweza. Tatizo ni kwamba kipengele hicho huja kimezimwa. Kwenye Kodi, programu ya kuchezea video inayotumika kwenye maboksi, kiko ndani ya mipangilio ya kichezeshi, upande wa video: kurekebisha hezi za kioo. Chagua kifanye kazi video inapoanza na inapokwisha. Android TV za karibuni zina kipengele kama hicho kwenye mipangilio ya onyesho, cha kulinganisha kioo na kasi ya picha. Apple TV 4K, boksi la Apple, ilikipata kwenye toleo la programu yake, tvOS 11.2, Desemba 2017. Ukikiwasha, kioo kitakuwa cheusi kwa sekunde moja au mbili kila unapofungua video. Usiniite. Televisheni inabadilisha mapigo, haijaharibika. Jua pia kwamba si kila programu inatii: Kodi inatii, lakini programu nyingi za kutazama moja kwa moja mtandaoni hubaki 60 hata ufanyeje, na kwa hizo mtu wa mpira hana budi kuweka 50 kwa mkono kabla ya mechi.

Tahadhari moja kwa wenye ndugu Marekani. Televisheni zinazouzwa huku hupokea 50 na 60 zote. Zilizonunuliwa kule kuna zinazokataa 50: unabadilisha, kioo kinaandika kwamba hakitambui au kinabaki cheusi tu. Usiguse chochote, maboksi mengi hurudi yalikotoka baada ya sekunde chache kama hukuthibitisha. Na kabla ya yote soma nyuma ya televisheni hiyo inakubali volti ngapi, maana nimeshaletewa moja ikinuka moshi ambayo haikufika hata kwenye hatua ya kukwama.

Nimekaa sana kwenye hezi kwa kuwa hakuna anayezisema. Haimaanishi kwamba kila kukwama ni hezi. Mteja akiniambia "inastaki", swali langu la kwanza huwa ni kama sauti inakatika pamoja na picha.

Vikisimama vyote viwili na kiduara kikaanza kuzunguka, hapo makala yenu ina haki nusu. Data haifiki kwa wakati. Lakini haifiki kutokea wapi? Netflix wenyewe wanashauri megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya HD kamili na 15 kwa 4K. Mtu mwenye kifurushi cha 20 anayetazama HD hana shida ya kifurushi, ana shida ya hapo nyumbani. Boksi limejificha nyuma ya televisheni, ruta iko chumba cha tatu, katikati kuna kuta za mawe za nyumba za zamani, na majirani wote wako kwenye gigahezi 2.4, ambako njia zisizoingiliana ni 3 tu: 1, 6 na 11. Hamia gigahezi 5 kama ruta iko karibu, maana hiyo ina kasi lakini haipendi kuta. Kama ruta iko mbali, vuta waya. Waya wa mtandao wa mita 15 ni rahisi kuliko ruta mpya na hauombi nywila.

Kuna kipimo cha bure cha kujua kama mtandao ndio mkosaji: weka filamu ile ile kwenye flashi. Ikipita, lawama ni ya mtandao. Ikikwama palepale, na ukirudisha nyuma inakwama palepale tena, faili limeharibika au kipande hicho ni kizito kuliko uwezo wa boksi. Uzito unapatikana kwa hesabu ya kawaida: faili la gigabaiti 4.5 la saa 2 ni wastani wa megabiti 5 kwa sekunde, flashi yoyote inaliweza. Faili la gigabaiti 54 la saa 2 ni megabiti 60, na hapo waifai ya nyumba ile niliyoieleza hailiwezi. Hata waya unaweza kubanwa, maana televisheni nyingi tundu lao la mtandao mwisho wake ni megabiti 100, na filamu nzito ina vipande vinavyopanda mbali juu ya wastani.

Sauti ikienda vizuri lakini picha ikabaki nyuma, kisha ikaruka kuifukuzia, hiyo ni prosesa imezidiwa. Mara nyingi faili ni H.265. H.264 ni ya 2003 na karibu kila kifaa kina saketi yake ya kuifungua. H.265 ilikuja 2013, inabana faili hadi karibu nusu, na vijana wanaoingizia watu filamu kwenye flashi wanaipenda kwa sababu hiyo. Boksi lisilo na saketi yake linajaribu kuifungua kwa nguvu za prosesa tupu, linapata joto, linaanza kuacha picha njiani. Vijana wa ufundi wanaojitengenezea vichezeshi kwa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, wanalijua hili: Pi 3 haina saketi ya H.265, Pi 4 ya mwaka 2019 inayo. Ukiwa na Kodi na kibodi ya USB, bonyeza herufi O wakati video inacheza, itakuambia video ni aina gani na kama inafunguliwa na saketi au na programu. Kwenye VLC ya kompyuta kuna ukurasa wa takwimu unaohesabu fremu, yaani picha, zilizopotea. Hapo hakuna ubishi wa fundi na mteja, namba inapanda mbele ya macho yenu wote.

Katoni isikudanganye. Nimefungua maboksi yaliyoandikwa 4K kwa herufi kubwa kuliko jina la boksi lenyewe, yakisema kwenye mipangilio yana memori hii na ile, na kwenye bodi chipu zinasema vingine. Maandishi ya kwenye mipangilio ni programu, na programu inaandikwa chochote.

Kuna maboksi yanayoanza vizuri na kuharibika filamu ikifika katikati. Hili ni la pwani hasa. Boksi limewekwa juu ya king'amuzi ambacho nacho kinachemka, vyote viwili ndani ya kabati la kioo lililofungwa, na juu yake kitambaa cha kufuma kilichonyooshwa kwa heshima zote. Prosesa ikipata joto sana inajipunguzia mwendo ili isiungue, na ikipunguza mwendo video inakwama. Nikitoa kitambaa mama mwenye nyumba ananitazama vibaya, lakini filamu inafika mwisho. Kitambaa kikae juu ya televisheni za chogo, kama bado zipo.

Adapta nayo ina kesi. Ya asili imekufa au imepotea, boksi linawashwa kwa chaja ya simu ya ampea 1 wakati linataka 2, au kijiti cha kutazamia kimechomekwa kwenye USB ya televisheni ambayo kwa kawaida hutoa ampea 0.5. Ongeza diski ya nje kwenye tundu hilo hilo. Linawaka, ndiyo, lakini linakatakata na mara nyingine linajizima na kujiwasha. Soma kilichoandikwa kwenye boksi, tafuta adapta ya volti hizo hizo na ampea zisizopungua.

Waya wa HDMI unasingiziwa sana. Watu wameuziwa nyaya zenye vichwa vya rangi ya dhahabu wakiahidiwa kwamba mtetemo utaisha. Waya mbovu unaleta nukta nukta zinazometa, au kioo kinazima ghafla na kurudi. Hauwezi kumtetemesha bi harusi kwa mpangilio ule ule ukumbi mzima. HDMI inaingia kwenye kesi kwa mlango mwingine: tundu la toleo la 1.4 haliwezi kupitisha 4K zaidi ya hezi 30. Boksi linaona televisheni ni ya 4K, linajiweka 4K hezi 30, mwenyewe anafurahi kuona neno 4K, na mpira wa mwendo wa 50 unaingia kwenye mlango wa 30. Shusha hadi 1080p hezi 50. Picha itakuwa na nukta chache na itakuwa nzuri zaidi. Wateja hawaniamini hadi waone.

Kuna dawa ya uongo ambayo televisheni zenyewe zinaitoa. Samsung waliiita Auto Motion Plus, LG wanaiita TruMotion, Sony Motionflow. Televisheni inabuni picha za katikati ambazo kamera haikuzipiga, inazipachika kati ya zile za kweli, na mtetemo unafunikwa. Mpira inaweza kuupendezesha. Filamu inafanana na tamthilia iliyopigwa sebuleni, na mkono ukipita haraka mbele ya uso unaona ukungu kwenye kingo za vidole. Desemba 2018 Tom Cruise alitoa video akiwaomba watu waizime wanapotazama filamu, na 2019 watengenezaji wakakubaliana kuweka kitufe kinachoizima pamoja na mapambo mengine, Filmmaker Mode. Mimi naizima kwanza kabla ya kupima chochote, maana ikiwa imewashwa huwezi kujua boksi linafanya nini.

Ndugu Mhariri, kuna kundi moja ambalo ningependa walisome hili kwa makini: ndugu zetu wapiga video za harusi. Kuna mtetemo ambao hakuna fundi atakayeutoa kwa sababu umeokwa ndani ya faili. Kamera kubwa imepiga 25, droni imepiga 30, simu ya shangazi imepiga 30 na kitu, vyote vikaingizwa kwenye programu ya kuhariri. Programu nyingi za kuhariri, za kwenye simu hasa, hutoa 30 usipozigusa. Maharusi wanapewa flashi yenye 30 iliyotengenezwa kutoka 25, yaani katika kila picha 5 moja imerudiwa, milele. Ukiichezea kwenye boksi inatetemeka, kwenye televisheni yenyewe inatetemeka, kwenye kompyuta inatetemeka. Wateja wa namna hiyo ninapowaambia tatizo liko kwa mpiga video wanadhani namharibia mwenzangu riziki. Wekeni mradi kwenye 25 kabla ya kuingiza kipande cha kwanza, droni iwekeni 25 kabla haijapaa, na mkabidhi H.264, si H.265, kwa sababu bibi wa bi harusi ndiye atakayeitazama mara nyingi kuliko wote, na boksi lake ndilo la zamani kuliko yote. Bei za harusi za siku hizi zinatosha kulipia dakika tano za mipangilio.

Wauzaji wa maboksi nao. Sisemi waache kuuza vya bei nafuu, na mimi natumia. Nasema pale dukani, boksi likijaribiwa mbele ya mteja kama inavyofanyika, lijaribiwe na video ya picha 25 inayotembea, si ile ya maua na samaki iliyokuja ndani ya televisheni. Kamera ikizungushwa taratibu mteja ataona mwenyewe. Na aliyeuza awashe kipengele cha kulinganisha hezi kabla hajafunga katoni. Kazi hiyo haichukui muda mrefu kuliko kuandika risiti, kama risiti inaandikwa.

Na kwenu gazetini, naomba ukurasa wa teknolojia urudie mada hii na upime kwa vifaa: boksi moja la bei ya chini, moja la bei ya kati, video tatu za 24, 25 na 30, na mwandishi aandike kila moja imepitaje kwenye 50, kwenye 60 na ikijibadilisha yenyewe. Akikosa vifaa, meza yangu ina maboksi ya kutosha, mengine wenyewe hawajarudi kuyachukua tangu waliponunua televisheni mpya. Apige simu kabla ya Ijumaa mchana. Jina na namba yangu mnavyo, naomba visichapishwe.

Fundi televisheni,
Ngamiani, Tanga